Gari Lipo, Watu Hawapo

Katika vijiji vingi vya Marekani liko jengo dogo, aghalabu kando ya barabara kuu, lenye mlango mpana wa kutosha gari kupita. Ndani yake limo gari la wagonjwa lililooshwa vizuri, lenye machela, mitungi ya hewa ya oksijeni na mashine ya kuushtua moyo uliosimama. Funguo zinaning'inia ukutani. Mafuta yamo. Kinachokosekana ni watu. Simu ikilia saa nane za mchana, na mzee fulani ameanguka jikoni mwake, huenda wito ukatolewa mara ya kwanza na mara ya pili bila ya mtu kuitika, hata karani wa simu za hatari hana budi kuomba gari la wilaya ya jirani, lililo umbali wa maili ishirini au thelathini.

Msomaji wa Kenya akisikia habari hizi atastaajabu. Marekani ni nchi yenye mali nyingi, na wengi huichukulia kuwa mgonjwa yeyote huko huchukuliwa na watu wa serikali wenye mishahara minono. Mijini ni hivyo, au karibu na hivyo. Lakini katika sehemu za mashamba kazi hii kwa miaka mingi haikuwa ya serikali wala ya hospitali. Ilikuwa kazi ya majirani wasiolipwa kitu: mkulima, fundi wa magari, mwalimu, mwenye duka, na mama wa nyumbani aliyewaacha watoto kwa jirani akakimbilia garini na aproni bado iko kiunoni. Majirani hao sasa wanapungua mwaka hata mwaka, na sababu za kupungua kwao zafaa kuchunguzwa na kila nchi inayotegemea moyo wa kujitolea, Kenya ikiwa mojawapo.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1909, katika mji wa Roanoke, jimbo la Virginia, mtumbwi ulipinduka katika mto wa mji ule. Watu wawili wakazama, na umati ukasimama ukingoni ukitazama, kwa maana hapakuwa na mmoja aliyejua la kufanya. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo mtoto wa miaka tisa, jina lake Julian Stanley Wise, naye akaweka nadhiri moyoni kwamba asione tena mtu akifa kwa kukosa msaidizi mwenye maarifa. Alipokuwa mtu mzima akaajiriwa na kampuni ya reli ya Norfolk and Western. Mwaka 1928, yeye na wenzake tisa wa kazini wakaanzisha kikosi cha kuokoa maisha na kutoa huduma ya kwanza, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake katika Marekani, yaani kikosi cha watu wasiolipwa, kisichokuwa chini ya wazima moto wala polisi. Mfano huo ukaenea Virginia nzima, na kisha majimbo mengine. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1928 ndio chama cha St. John Ambulance kilipoanza kazi katika Kenya.

Msomaji azingatie kwamba waanzilishi wale kumi wote walikuwa watu wa reli. Walikuwa na mwajiri mmoja, mji mmoja, na mshahara wa hakika kila mwezi. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo ufunguo wa mengi yatakayosemwa hapa chini.

Wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye, mahali ambapo hapakuwa na kikosi cha kujitolea mgonjwa alichukuliwa na mwenye kazi ya maziko. Si mzaha. Gari la maiti ndilo pekee lililokuwa na nafasi ya kumlaza mtu, basi mwenye kuzika ndiye aliyeitwa kuja kuokoa. Taarifa mashuhuri iliyotolewa mwaka 1966 na wataalamu wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ilisema kwamba karibu nusu ya huduma ya kuchukua wagonjwa nchini humo ilikuwa mikononi mwa watu hao. Taarifa hiyo ilieleza pia kwamba ajali za kila namna ziliua watu 107,000 katika mwaka 1965 peke yake, ikayaita maafa hayo ugonjwa uliopuuzwa na watu wa kisasa. Ni vigumu kumlaumu mzishi, lakini ni dhahiri kwamba mtu ambaye riziki yake iko salama, mgonjwa akipona au asipopona, si mtu wa kukabidhiwa kazi hiyo.

Baada ya taarifa ile mambo yakabadilika upesi. Februari 16, 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama, ilipigwa simu ya kwanza kwa namba 911. Mwaka 1973 ikapitishwa sheria ya kusaidia wilaya kuunda huduma za dharura, pamoja na fedha zake. Wazishi wengi wakaiacha kazi ile, kwa kuwa masharti yalizidi na faida ilipungua, na pengo hilo vijijini likajazwa na vikundi vya kujitolea. Vijana walivutwa pia na mchezo wa televisheni ulioitwa Emergency!, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1972, ambao uliwaonyesha wazima moto wa Los Angeles wakitibu watu barabarani. Katika miaka hiyo kuvaa koti la kikosi ilikuwa heshima kijijini, na palikuwa na mahali ambapo mtu alipaswa kungoja nafasi kabla ya kukubaliwa.

Hapa pana hadithi moja isiyosimuliwa vya kutosha, nayo inawahusu watu wa asili ya Afrika. Katika mji wa Pittsburgh, mtaa wa Hill District ulikuwa wa watu weusi, na mgonjwa wa huko aliyepiga simu aliletewa polisi na gari lao, wasio na maarifa yoyote ya tiba. Mwaka 1967 kikaundwa chama cha Freedom House, ambacho kwa msaada wa daktari Peter Safar kiliwachukua vijana weusi wa mtaa huo, wengi wao wasio na kazi, kikawafundisha kwa mamia ya saa mambo ambayo hata hospitali nyingi za wakati huo hazikumruhusu mtu asiye daktari kuyafanya. Wakawa miongoni mwa watu bora wa kazi hiyo duniani. Mwaka 1975 serikali ya mji ikaivunja huduma yao na kuweka ya kwake. Daktari mwanamke aliyewaongoza katika miaka ya mwisho, Nancy Caroline, aliandika kitabu kilichotumiwa kufundishia wahudumu wa dharura kila mahali, na katika miaka ya 1980 alikuja Kenya akafanya kazi na Madaktari Warukao wa AMREF. Kwa hiyo baadhi ya maarifa yaliyopatikana katika mitaa ya Pittsburgh yamepita Nairobi. Vijana wale walilipwa mshahara, na msomaji alikumbuke hilo pia.

Sasa, kwa nini wa kujitolea wamepungua? Wazee wa vijiji vya Marekani wana jibu lao, lile lile litolewalo na wazee wa kila nchi: vijana wa siku hizi hawana moyo. Jibu hilo ni jepesi mno, na tena si la haki.

Sababu iliyo kubwa ni kazi. Zamani mtu aliishi na kufanya kazi mahali pamoja. Mwenye kiwanda kidogo alimjua kila mtu, na king'ora kilipolia alimwachia fundi wake aondoke, akamlipa saa zile kana kwamba alikuwa mashineni. Viwanda hivyo vingi vimefungwa. Watu wa vijijini leo hupanda magari alfajiri kwenda kufanya kazi miji ya mbali, na hurudi jioni. Mke, ambaye zamani alikuwa nyumbani mchana, naye ameajiriwa, kwa kuwa mshahara mmoja hautoshi tena. Basi kuanzia asubuhi hadi jioni kijiji kimebaki na wazee na watoto, na wazee ndio wanaoanguka jikoni.

Hii ina maana kwamba ile huduma iliyoitwa ya bure haikuwa ya bure hata siku moja. Mwenye kiwanda aliilipia, mwenye duka aliyefunga mlango wake aliilipia, na mke aliyebaki na watoto peke yake usiku kucha aliilipia kuliko wote. Hesabu yao haikuandikwa katika daftari lolote la wilaya, na kwa sababu haikuandikwa, hakuna aliyeitengea fedha ilipokwisha.

Sababu ya pili ni mafunzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mafunzo ya mhudumu wa kawaida wa gari la wagonjwa yalikuwa ya saa 81. Kwa utaratibu wa mwaka 1994 yakawa saa 110. Miongozo ya mwaka 2009 ilikadiria kati ya saa 150 na 190, na baada ya hapo mtu hana budi kufanya mtihani, na kurudia masomo kila baada ya miaka michache. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema mafunzo yapunguzwe, kwa maana mgonjwa hana haja ya msaidizi mjinga hata akiwa mwema. Lakini saa 150 kwa mtu mwenye kazi na watoto ni jioni zote za miezi minne au mitano, na mara nyingi darasa liko mji mwingine. Wengi huanza, wachache humaliza.

Tena kazi yenyewe imezidi. Kwa wazima moto wa Marekani, ambao wengi wao huitika pia wito wa wagonjwa, hesabu ziko wazi: wale wa kujitolea walikuwa 897,750 mwaka 1984, wakawa 676,900 mwaka 2020, na katika muda huo huo wito uliongezeka kwa karibu mara tatu, sehemu kubwa yake ikiwa ya magonjwa wala si ya moto. Watu wa vijijini wamezeeka. Na hospitali zao zimefungwa: tangu mwaka 2010 zaidi ya hospitali 100 za mashambani zimefunga milango au zimeacha kulaza wagonjwa. Mtu aliyejitolea saa moja ya kumpeleka jirani hospitali ya karibu sasa anatakiwa kutoa saa nne za kwenda na kurudi, na katika saa hizo nne kijiji hakina gari. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mjini gari la wagonjwa hufika kwa wastani wa dakika saba hivi, na mashambani mara mbili ya muda huo, na karibu mgonjwa mmoja katika kila kumi wa mashambani hungoja kwa karibu nusu saa. Moyo uliosimama hauna nusu saa. Kila dakika inayopita bila ya kifua kukandamizwa na moyo kushtuliwa, tumaini la kupona hupungua kwa asilimia saba hadi kumi. Mwenye kujua kuzidisha ataiona hesabu hiyo mwenyewe.

Lipo pia jambo la fedha, ambalo Wamarekani hawapendi kulizungumza mbele ya wageni. Sheria za majimbo mengi hulazimisha wilaya kuwa na polisi, lakini katika majimbo mengi hazikulazimisha kuwa na gari la wagonjwa. Liliachwa kwa hiari ya wenyeji. Bima ya serikali ya wazee, iitwayo Medicare, hulipa pale mgonjwa anaposafirishwa. Kikosi kikienda usiku, kikamtibu mtu nyumbani naye akapata nafuu asitake kwenda, aghalabu hakipati senti. Wala hakuna anayelipa kwa ajili ya kungoja, na kungoja ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii. Mtu huwekwa tayari usiku mzima ili simu isipolia asiwe amefanya kitu, na ikilia awe amefanya kila kitu. Vikosi vimeishi kwa kuuza keki, kukaanga kuku wa kuchangisha na kuomba milangoni. Kisha ukaja ugonjwa wa Korona mwaka 2020, wakati ambapo mtu mwenye miaka sitini na mitano, aliyekuwa nguzo ya kikosi, aliambiwa na daktari wake abaki nyumbani. Baadhi yao hawakurudi tena.

Dawa zimejaribiwa. Jimbo la New York humpunguzia mtu wa kujitolea dola 200 za kodi ya mapato kwa mwaka. Ni asante njema, lakini haimfanyi mtu aamke saa tisa za usiku. Mahali pengine hutolewa malipo madogo kwa kila wito, au kiinua mgongo kwa aliyetumikia miaka mingi. Wilaya nyingine zimeajiri watu wa mchana, zikawaachia wa kujitolea usiku na mwisho wa juma, na mpango huo waonekana kuwa wa busara kuliko mingine, kwa kuwa unaijaza saa ile iliyo tupu hasa. Una tabu yake: mtu anayelipwa na asiyelipwa wakikaa chumba kimoja, wakiinua machela moja, manung'uniko hayachelewi. Na walioajiriwa nao ni haba, kwa kuwa mshahara wao katika mahali pengi haupiti sana ule wa mtumishi wa ghalani, asiyetapikiwa wala kupigwa na walevi.

Isidhaniwe kwamba moyo umekufa kabisa. Katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant, mjini New York, James Robinson, mtu mweusi aliyekuwa akifanya kazi katika magari ya wagonjwa ya mji, alishirikiana na mwenzake Joe Perez kuanzisha kikosi cha kujitolea mwaka 1988, kwa kuwa mtaa wao ulikawia kuletewa msaada. Mwanzoni hawakuwa na gari, wakaenda kwa wagonjwa kwa miguu na mikoba yao. Kikosi hicho kiliwafundisha vijana wengi wa mtaa, ambao baadaye walipata ajira kwa maarifa hayo. Hapo kujitolea kulikuwa mlango wa kuingilia kazini, na kijana alijua anakwenda wapi. Huenda hiyo ndiyo tofauti.

Kwa Kenya jambo hili si la mbali. Wafuasi wa St. John huonekana kwenye viwanja vya mpira na siku za sherehe za taifa, na Msalaba Mwekundu wa Kenya, uliowekwa kwa sheria mwaka 1965, una wengi wa kujitolea. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliporipuliwa Nairobi na watu 213 wakafa, wapita njia walifukua vifusi kwa mikono yao kabla ya mitambo kufika. Moyo haukukosekana siku ile. Lakini siku ya maafa makubwa haiwezi kuwa kipimo, kwa sababu siku hiyo kila mtu huja. Kipimo ni Jumanne ya mvua, saa saba za usiku, mwanamke amepatwa na uchungu wa kuzaa na bonde limejaa tope. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Katiba haisemi nani atakayeshika usukani.

Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, magari ya wagonjwa yamenunuliwa kwa wingi, na mara nyingi utepe umekatwa na hotuba zimetolewa. Ni vyema. Hata hivyo majeruhi wengi wa barabarani bado hufika hospitali kwa matatu, kwa pikapu ya mboga au kwa bodaboda, wamekunjwa na kushikiliwa na watu wenye huruma wasiojua kwamba shingo iliyovunjika haikunjwi. Mwenye kununua gari moja hana budi kuhesabu watu wa zamu ya mchana, ya jioni na ya usiku, na wa kuwapokea walio likizo au wagonjwa, maana gari moja likitaka watu wawili kila saa halitosheki na watu wanane. Hesabu hiyo haina utepe wa kukata, na ndiyo iliyowashinda Wamarekani.

Serikali ya Kenya ilionyesha mwaka 2023 kwamba imelielewa jambo hili walau kwa upande mmoja, ilipowapa wahamasishaji wa afya wa vijijini, wapatao 100,000, mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wengi wao walikuwa wamezunguka nyumba kwa nyumba miaka mingi bila malipo. Posho hiyo si mshahara wa kutunzia watoto, lakini ni kukiri kwamba muda wa mtu wa kijijini una thamani. Wahamasishaji hao hawana magari, wala kuokota majeruhi si kazi waliyoandikiwa. Vyama mbalimbali vimeanza kuwafundisha waendesha bodaboda huduma ya kwanza, na hapo pana tumaini zaidi, kwa kuwa hao tayari wako barabarani mchana na usiku kwa ajili ya riziki yao na hawahitaji kuitwa kutoka mji wa mbali. Mji wa Seattle ulifanya jambo la namna hiyo kuanzia miaka ya 1970: haukungoja kikosi pekee, bali ulianza kuwafundisha watu wa kawaida kwa maelfu namna ya kukandamiza kifua cha aliyeanguka mpaka gari lifike. Darasa lilikuwa la saa chache tu, na halikuhitaji jengo wala gari.